Yethro Alikuja na Watoto
Somo: Kutoka 18:1–27



Kasisi wetu ametuomba tuandike ukurasa wa mafundisho wa toleo hili juu ya kundi letu la skauti, kwa sababu tangu mwaka uanze wazazi watatu waliokuwa wakiliongoza wamerudisha skafu zao. Mmoja wao alirudisha na filimbi, pamoja na daftari la mahudhurio lililojazwa vizuri hadi Jumamosi yake ya mwisho. Sisi ambao tumetumia maisha yetu kukagua madaftari, lile daftari lilitusikitisha kuliko barua yake. Mtu mvivu haachi daftari la namna ile.

Yamesemwa maneno nje ya kanisa baada ya ibada, kwamba wazazi wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Hatukubaliani na maneno hayo. Sisi wenyewe tuliongoza kundi hili miaka mitano kuanzia mwaka 2004, tukiwa bado kazini, na mtoto wetu wa tatu alikuwa mmoja wa skauti. Tunayoyasema tumeyapitia, na mengine tuliyakosea.

Basi fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Sura hii huhubiriwa sana wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, na mhubiri huanzia mstari wa 13, pale Musa alipoketi kuwaamua watu toka asubuhi hata jioni. Lakini sura haianzii hapo. Inaanza na safari. Yethro, kuhani wa Midiani, mkwewe Musa, amefunga safari kumfuata Musa jangwani, na hakuja peke yake. Amekuja na Sipora mke wa Musa, na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao Musa alikuwa amewarudisha kwa babu yao. Mahali walipomkuta panatajwa: alikuwa amepiga kambi penye mlima wa Mungu. Kumbe kiongozi yuko kambini na watu wa taifa zima, na watoto wake mwenyewe wanaletwa na babu.

Soma polepole mstari wa 7. Musa alitoka kumlaki mkwewe, akamwinamia, akambusu, wakajuliana hali, wakaingia hemani. Habari ya mke na watoto haisemwi. Hatusemi kwamba Musa hakuwakumbatia wanawe. Maandiko yamenyamaza, na sisi hatuna ruhusa ya kuyajazia. Ila kesho yake asubuhi Musa alikwenda kuketi kwenye kazi yake, watu wakamzunguka mchana kutwa, na mzee aliyeleta wajukuu jana yake alikuwa pale akitazama. Tunaamini mzee huyo hakuweza kuutazama msongamano ule bila kuwafikiria watoto wale wawili.

Mzazi anayeongoza watoto wa watu asome pia Waamuzi 18:30, palipotajwa kuhani wa sanamu huko Dani, mtu wa uzao wa Gershomu. Biblia nyingine zimeandika kwamba Gershomu huyo ni mwana wa Musa, nyingine mwana wa Manase, na tofauti ya majina hayo mawili katika Kiebrania ni herufi moja. Hatutajenga fundisho juu ya herufi moja. Lakini aya hiyo nasi tuliisoma kwa kuchelewa.

Sasa tuje kwenye Jumamosi.

Mkutano wa skauti ni wa saa mbili, kuanzia saa nane mchana, na wengi wenu huona hizo saa mbili tu. Kiongozi aliye mzazi ana shamba kama ninyi. Hapa kwetu Mpwapwa mvua hutuita mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wa kwanza na wa pili mtama na karanga hudai palizi bila kujali kwamba kuna mkutano. Yeye huliacha jembe saa sita, huoga haraka, huvaa kaptura, na majirani wanaoendelea kulima humwangalia akipita na kusema huyo anakwenda kucheza na watoto. Magugu yake hayasubiri. Tuliwahi kuvuna magunia mawili mahali pa matano, na mama watoto hakusema neno, akayapima tu kwa macho.

Fedha hatutaizungumza kwa urefu. Kamba za kujifunzia mafundo, betri za tochi, dawa na bandeji, nauli ya kwenda kuomba kibali: kiongozi hulipa kwanza akitumaini kurudishiwa, na kwa kuwa hana risiti huona aibu kudai. Halmashauri ya kanisa ingeweza kulimaliza jambo hili kwa kikao kimoja.

Kuna taabu ya kutojua, na hii ilitukamata sisi walimu kuliko wakulima na mafundi. Tulikuwa tumepita chuo cha ualimu, tukafundisha miaka mingi, tukadhani watoto ni watoto. Tulikwenda kwenye mkutano wa kwanza na andalio la somo, lenye utangulizi, maarifa mapya na tathmini. Tukawapanga kwa mistari. Tukawachagua viongozi wa patroli kama tunavyochagua viranja, yaani wale watulivu wenye mwandiko mzuri, na kazi ya kwanza tuliyowapa ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Baada ya wiki sita nusu ya watoto hawakuja tena. Tulimuuliza mmoja tuliyemkuta kisimani, naye akatujibu kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu. Mimi niliona ni shule tu, tena siku ya Jumamosi." Fundi seremala aliyekuwa akisaidiana nasi, ambaye hakuvuka darasa la saba, ndiye aliyetufundisha. Aliwapa watoto kamba na miti, akawaambia wanataka kuvuka korongo, kisha akakaa kimya. Kukaa kimya kwa mwalimu ni kazi ngumu kuliko kusema.

Ila hayo ni madogo. Tuna mawili makubwa ya kuungama hapa.

La kwanza ni kambi ya mwezi wa sita mwaka 2006, chini ya milima ya Kiboriani. Watoto walikuwa kumi na wanane, watu wazima tulikuwa wawili. Mnajua upepo wa mwezi wa sita ulivyo hapa. Usiku tuliwasha moto mkubwa ili watoto wapate joto, na kuni nyingine zilikuwa mbichi, moshi ukatanda. Kama saa tano hivi mtoto mmoja alianza kukohoa, kisha akashindwa kuvuta pumzi. Alikuwa na pumu. Mama yake alijua, shangazi yake alijua, mwalimu wake wa darasa alijua. Sisi hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Karatasi ya ruhusa tuliyoiandika kwa mkono wetu iliuliza jina, darasa na sahihi ya mzazi, basi. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji, iodini na vidonge vya kutuliza maumivu. Simu yenye chaji ilikuwa moja, na mahali pale haikushika mtandao. Mmoja wetu alimpakia mtoto kwenye baiskeli akamkimbiza zahanati, gizani, huku mwingine akibaki na watoto kumi na saba ambao baadhi yao walikuwa wakilia. Mganga alifungua mlango, mtoto akapata dawa, na asubuhi alikuwa mzima. Mama yake alipokuja hakutugombeza. Alituuliza swali moja tu: kwa nini hatukumwuliza. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Tangu siku ile karatasi ya kundi letu huuliza ugonjwa, dawa, vyakula anavyokatazwa mtoto, na watu wawili wa kupigiwa simu. Yule wa pili ni kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa shambani. Wazazi wengine hukasirika wakisema tunachungulia mambo ya nyumbani mwao. Tafadhalini, jazeni. Na mtoto mwenye dawa yake aje nayo.

La pili linahusu mtoto wetu wenyewe, na kuliandika ni zito zaidi.

Alikuwa na miaka kumi na miwili alipoingia kundini, akiwa na furaha ya kuwa pamoja na baba yake. Sisi tukaogopa wazazi wenzetu watasema tunampendelea. Basi kosa likifanywa na wanne tulianza kumkemea yeye. Hema likisimama vibaya, yeye ndiye alitumwa maji. Alipostahili beji, tulimweka nyuma mpaka wenzake wote wapate, tukiita jambo hilo haki. Jioni tulirudi nyumbani tumechoka, na maswali yake tuliyajibu kwa sauti ileile ya uwanjani. Mwaka wa tatu aliacha. Hakutuambia sisi, alimwambia mama yake kwamba wenzake Jumamosi wana kiongozi na usiku wana baba, lakini yeye ana kiongozi tu. Sisi tuliendelea miaka miwili zaidi na watoto wa watu, na watu walitusifu. Kijana huyo sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, tunazungumza vizuri, naye ndiye aliyetupa ruhusa ya kuyaandika haya. Lakini ile miaka haikurudi.

Tumewaza mara nyingi kwamba mwanzilishi wa skauti asingeweza kutusaidia hapa. Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao ishirini kwenye kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwezi wa nane mwaka 1907, hakuwa na mke wala mtoto. Alioa mwaka 1912. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyefariki wakati mtoto huyu ana miaka mitatu tu. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 Nyeri, nchini Kenya, na kaburi lake liko hukohuko. Juu ya jiwe lake imechorwa duara yenye nukta katikati, ambayo katika alama za njiani za skauti humaanisha kwamba nimekwenda nyumbani. Alama ile tuliwafundisha watoto wengi kuichora mchangani kwa kijiti. Sisi tuliowafundisha ndio tuliokuwa hatuendi.

Pamoja na hayo, jambo moja Baden-Powell alilipanga sawasawa na Yethro. Pale Brownsea aliwagawa wavulana katika patroli nne, kila moja na kiongozi wake aliye mvulana mwenzao, akawaachia wajipange. Yethro alimwambia Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Angalieni ambacho mzee hakumwambia. Hakumwambia Musa aache kazi akalee watoto. Wala hakumwambia aongeze bidii na maombi, ushauri ambao huku kanisani tunaupenda mno kwa kuwa haumgharimu anayeutoa. Alisema kazi ile, kwa namna ile, si njema, na kwamba itamchosha Musa, tena itawachosha na watu wenyewe. Kisha akataka mzigo ugawanywe na wengine waubebe pamoja naye, ndipo watu waende kwao kwa amani. Kwao, ndugu zangu. Tunapenda kuamini kwamba hata Musa jioni moja aliwahi kuingia hemani mwake jua halijazama, akawakuta Gershomu na Eliezeri wakiwa macho.

Na wale watu waliompanga Musa toka asubuhi hata jioni, hakuna hata mmoja anayetajwa kuuliza kama amekula. Watu hao ndio sisi washarika. Mtoto hutumwa mwenyewe kwenye skauti saa nane, na saa kumi na mbili hajafuatwa. Tumeketi na watoto ngazini pa kanisa mpaka giza, huku mzazi yuko jirani tu kwenye mazungumzo, akijua kwamba mwalimu yupo. Siku ya maandamano ya skauti kanisa hujaa na picha hupigwa kwa simu. Jumatatu kamba ikikatika hakuna wa kuuliza.

Tupige hesabu kidogo, maana tabia ya ualimu haistaafu. Mwaka 2017 mkutano mkuu wa skauti wa dunia, uliofanyika Baku, Azerbaijan, ulipitisha sera ya kuwalinda watoto na vijana wasidhurike ndani ya skauti. Kwetu tumeshika kanuni ya watu wazima wawili: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, wala asilale hema moja na watoto. Wapo walioiona kanuni hii kuwa tusi, kana kwamba tunawatuhumu waliojitolea. Sivyo. Inamlinda mtoto dhidi ya mbaya, na inamlinda kiongozi mwema dhidi ya neno baya. Kwa kuwa wasichana nao wamo, mmoja wa hao wawili inafaa awe mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo hata kiongozi wa patroli mwenye ndevu changa na sauti nzito hawezi kuhesabiwa kuwa mtu mzima wa pili. Basi viongozi waliobaki ni wawili, baba mmoja na mama mmoja. Mmoja akipata msiba, au mtoto wake akiugua malaria, hakuna mkutano. Kambi ndiyo haipo kabisa. Watoto thelathini na mmoja watakaa nyumbani Jumamosi hiyo, au hawatakaa nyumbani, na ninyi mnajua wanakokwenda.

Tumezungumza na Kasisi na wale wawili waliobaki, na mambo haya tumekubaliana. Tunahitaji watu wazima sita, ili kila mmoja ashike Jumamosi mbili kwa mwezi na nyingine akae na watu wa nyumbani kwake. Kiongozi aliye na mtoto kundini hatashika patroli ya mtoto huyo. Maonyo na beji za mtoto wake zitaamuliwa na mwingine. Na akifika nyumbani avue skafu mlangoni. Hili la mwisho si kanuni ya kundi, ni sisi tumeliongeza.

Na hao watu sita watatoka wapi? Tuna daftari la ubatizo. Kila mtoto aliyebatizwa hapa ana baba wa ubatizo na mama wa ubatizo, waliosimama penye kisima cha ubatizo wakapokea wajibu juu yake mbele ya kanisa. Tulipitia daftari hilo wiki iliyopita tukitafuta majina ya skauti wetu. Kwa watoto thelathini na mmoja tuliwapata wasimamizi arobaini na wanne walio hai na wanaosali hapahapa. Wengine walikuwa wamesahau kabisa ni mtoto yupi. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama tulipomwonyesha jina lake alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kambi ni lini.

Hatuwaombi wote wavae skafu. Mwenye baiskeli nzima au pikipiki aje alale karibu na kambi usiku mmoja. Mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza aje afundishe Jumamosi moja. Mzee mmoja ametuambia goti lake halikubali kambi wala kamba, lakini mwezi wa kwanza atapeleka vijana wake watatu wakapalilie shamba la kiongozi siku za Jumamosi, ili kiongozi huyo akitoka uwanjani asikutane na magugu. Karatasi iko mezani kwa katibu wa parishi, upande wa kushoto ukiingia, na kalamu imefungwa kwa uzi. Jina la mzee huyo ndilo la kwanza, na kufikia Ibada ya Asubuhi ya Jumapili iliyopita yalikuwa majina manne.